Ukichomelea mlango wa ghala la korosho

Mafundi wenzangu wa Masasi na Newala, kila msimu wa korosho ukikaribia tunaitwa kuchomelea milango ya maghala. Cha kuogopa zaidi pale ni cheche. Cheche ya grenda huweza kuruka mita 10 na zaidi, ikadumbukia kwenye mkunjo wa gunia tupu ikafukuta kimya kimya. Wewe umeshakunja nyaya, uko kwenye bodaboda, ndipo moshi unaanza.

Kwa hiyo sogeza magunia mbali kwanza, fagia maganda (yana mafuta yale, yakishika moto utajuta), na uzibe upenyo wa chini ya mlango kwa bati. Turubai la nailoni halifai, linayeyuka na kuwaka. Ndoo ya mchanga na ya maji ziwe karibu, ila usimwage maji kabla hujazima mashine kwenye umeme.

Ukimaliza, usiondoke. Kaa saa moja nzima, ukizunguka kunusa na kukagua pembeni, hata upande wa pili wa ukuta. Mimi huagiza chai na mihogo nikasubiri hapo hapo. Mwenye ghala akiuliza unangoja nini, mwambie saa hiyo imo kwenye bei.