Unacheza ligi na wataka kuwa kocha? Anza kabla hujatundika daluga

Hii nawaandikia mabarobaro wa Mombasa ambao bado mwacheza lakini miaka yasonga, manake kila msimu naona mchezaji mzuri anaacha mpira goti limeisha, ndo kwanza anaanza kuulizia kozi ya ukocha. Anza sasa ukiwa bado una miguu.

Kwanza kabisa tafuta watoto. Usingoje timu kubwa, nenda Serani ama Tononoka ama kiwanja chochote cha skuli karibu na kwenu, Likoni, Kisauni, Changamwe, muone anaefunza pale mwambie nataka nikusaidie jioni mbili kwa wiki. Hapo ndo utajijua, manake kupiga pasi mwenyewe na kumfanya mtoto wa miaka 11 aelewe kwa nini aangalie nyuma kabla mpira haujamfikia ni kazi mbili tofauti kabisa. Kila mazoezi yawe na lengo moja tu na uliandike kwa daftari kabla hujatoka nyumbani, leo ni kutoka na mpira nyuma, basi, usichanganye na kona na penalti. Wagawe 4 kwa 4 kwa kiwanja kidogo kila mmoja aguse mpira mara nyingi, zile foleni za watoto 15 wangoja zamu ya kupiga golini wallahi zanikera, mtoto anaenda nyumbani ameguza mpira mara tano. Na jua letu lihesabu, saa nane mchana si wakati wa kumkimbiza mtoto, Ramadhani nayo sogeza mazoezi usiku baada ya tarawehe.

Halafu karatasi. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zaanza D, C, B, A mpaka Pro, na hazirukwi hivi hivi, ukipata moja watakiwa ufundishe kwanza ndo upande ingine. Kozi zapitia FKF, shirikisho la soka la Kenya, kwa hivo watu wa tawi lako wakujue mapema. Kocha mkuu kwa mashindano ya klabu za Afrika adaiwa A ama inayolingana nayo, hata awe alicheza wapi.

Na ukubali kuwa msaidizi. Benni McCarthy alobeba Champions League na Porto 2004, alipostaafu alienda kuwa msaidizi Sint-Truiden huko Ubelgiji, ndo Cape Town City wakampa timu 2017, halafu akafunza washambuliaji wa Manchester United kabla ya kupewa Harambee Stars, timu yetu ya taifa, 2025. Hapa kwetu Bernard Mwalala alicheza Yanga, akafundisha Nzoia Sugar, akaja klabu ya Bandari hapa Mombasa wakabeba kombe la Shield 2019.

Kama mbinu za uwanjani hazikuingii, umeneja wa timu pia ni kazi ya heshima. Usajili, jezi, gari la kwenda mechi, chakula, na hesabu ya kadi za njano, hio ndo muhimu zaidi, manake mkichezesha mtu alofungiwa pointi zaenda.

Kitu kigumu ni ukipewa timu ile ile ulochezea. Utamuweka benchi mtu mlolala chumba kimoja safari zote, na atanuna. Mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, mazoezini siku moja kabla ya mechi na umpe sababu ya mpira, asije akajua kwa orodha ya wasapu.