Hadubini: fuata njia ya mwanga, kuanzia taa hadi jicho

Wanafunzi wengi wanaokuja maabara kwa mazoezi wanazitaja sehemu zote za hadubini bila kukosea. Mpe slaidi ya damu atafute vimelea vya malaria, anakwama. Mimi huwafundisha kuufuata mwanga unakopita, kutoka chini kwenda juu.

Hatua ya 1. Washa taa iliyo kwenye kitako. Weka slaidi juu ya meza ya hadubini, uibane, upande wenye damu uwe juu. Lenzi ya 100 (inayokuza mara 100) huhitaji kuikaribia damu kwa chini ya milimita 0.2, na kioo cha slaidi kina unene wa kama milimita 1. Ukiigeuza, hutaona kitu.

Hatua ya 2. Anza na lenzi ya 10. Skrubu kubwa husogeza meza kwa haraka, na kazi yake inaishia hapa. Picha ikitokea, itakate kwa skrubu ndogo.

Hatua ya 3. Sasa kondensa, na hapa naomba utulie. Ni lenzi iliyo chini ya meza, inayokusanya mwanga wa taa na kuuelekeza kwenye slaidi ukiwa na umbo la pia, yaani koni. Diaframu yake, yaani tundu linalofunguka na kubanwa, hupanua au kubana pia hiyo. Wengi huitumia kupunguza ukali wa mwanga, na ni kosa: ukali hupunguzwa kwenye taa. Ukiibana sana, vitu vidogo vilivyokaribiana huonekana kimoja. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika "hakuna vimelea" kwa slaidi ya mtoto. Mwenzangu aliyeirudia alipandisha kondensa, akafungua diaframu, na pete za vimelea zikawa wazi kabisa. Sijaisahau slaidi ile.

Basi, slaidi ya damu iliyopakwa Giemsa (rangi inayofanya vimelea vionekane): kondensa juu, diaframu wazi. Mkojo au choo kisichopakwa rangi: shusha kondensa, bana diaframu kiasi, maana humo unatafuta kingo na vivuli.

Hatua ya 4. Sogeza lenzi ya 10 pembeni, dondosha tone moja la mafuta, kisha leta lenzi ya 100 iguse mafuta. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda na mwingi hupotea. Mafuta huupinda karibu sawa na kioo, hivyo unafika kwenye lenzi. Tumia skrubu ndogo peke yake.

Lenzi ya jicho hukuza mara 10, jumla mara 1000: chembe nyekundu ya mikrometa 7 inaonekana kama ya milimita 7. Lakini yenyewe hukuza tu picha iliyokwisha kuundwa na lenzi ya chini. Kama huko ni ukungu, utaona ukungu mkubwa.

Kagua nyuga 100 (uga ni eneo unaloliona kwa mara moja) za tone nene, yaani damu iliyowekwa nene kwenye slaidi, kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Ukimaliza, futa mafuta kwa karatasi ya lenzi, na usipitishe lenzi ya 40 juu ya slaidi yenye mafuta.