Mfumo ukimkataa Doto, anza na Excel

"Kaka, mfumo umemkataa Doto."

Aliyepiga simu ni afisa utumishi wa kampuni moja ya ulinzi hapa Dar es Salaam. Alikuwa amepakia walinzi 312 kwa mkupuo kutoka Excel kwenda kwenye mfumo wa wafanyakazi. Waliingia 311, mmoja akagoma: namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, eti tayari imesajiliwa. Mstari wa juu yake alikuwa Kulwa, pacha wake.

Dada yule alishaanza kuamini kwamba mapacha wamepewa namba moja. Nikamwomba afungue lile faili la CSV, yaani faili la maandishi matupu alilolitoa Excel na kulipakia, kwa Notepad, asiliguse kwa Excel, anisomee namba zote mbili. Kila moja iliishia na sifuri tano. Nikamwambia asome ya mtu mwingine yeyote. Sifuri tano.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiona namba inatunza tarakimu 15 tu, zinazobaki inazigeuza sifuri kimyakimya. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo mapacha walioandikishwa pamoja wanafanana mpaka mbali, na kinachowatenganisha kiko mkiani, palepale zilipokatwa. Doto alitusaidia kwa kukataliwa. Wale 311 walipokelewa na namba mbovu na hakuna aliyeshtuka.

Ukishafika hapo, kubadilisha fomati ya kolamu hakurudishi kitu. Rudi kwenye fomu za walinzi. Safari hii, kabla hujaandika namba hata moja, chagua kolamu nzima na uiwekee fomati ya Text, ndipo uandike. Au acha vistari kama vilivyo kwenye kitambulisho, maana vikiwepo Excel inaona ni maandishi na haigusi. Ila uliza kwanza kama mfumo wako unavikubali. Kisha pima kwa =LEN(C2), fomula inayohesabu herufi: inatakiwa ikupe 20, au 23 ukiacha vistari. Hesabu peke yake haitoshi, maana hata namba iliyokatwa inaweza kufika 20, kwa hiyo angalia pia mkia usiwe sifuri tano. Usitafute waliojirudia kwa fomula ya COUNTIF, kwa sababu nayo inalinganisha tarakimu 15 za mwanzo, itakwambia Kulwa ni Doto hata pale ambapo namba zote mbili ni sahihi.

Namba za simu zina ugonjwa huohuo. 0754 inakuwa 754. Ukianza na 255, tarakimu zinafika 12 na kisanduku kinaonyesha 2.55754E+11, ukihifadhi kama CSV, hicho unachokiona ndicho kinachoandikwa.

Sasa kosa ninalokutana nalo kila wiki: mtu anarekebisha kila kitu vizuri, anahifadhi CSV, halafu anaibofya mara mbili "ahakikishe tu". CSV haikumbuki fomati yoyote. Excel inaanza kukisia upya, sifuri zinadondoka, na akibonyeza kuhifadhi kazi yote imekwenda. Marekebisho yafanyie kwenye faili la Excel lenyewe, CSV uitoe mwisho kabisa, na ukitaka kuichungulia tumia Notepad. Hapohapo utaona kama vitenganishi ni koma au nukta mkato. Kompyuta nyingine zinaweka nukta mkato kutokana na mipangilio yake ya nchi, na mfumo unaona kolamu moja ndefu.

Kwenye tarehe, ogopa zaidi zile ambazo mfumo umezipokea. Mfumo unaosoma mwezi kwanza utakataa 25/04/1990, hilo utaliona. Lakini 03/04/1990 utaipokea kuwa tarehe 4 Machi, na mlinzi atapata mwezi mwingine wa kuzaliwa. Mimi naandika 1990-04-03, tena kwenye kolamu ya Text.

Majina kama Ng'wandu yakitoka Word huja na ritifaa iliyopinda, na kwenye mfumo ritifaa hiyo inageuka alama ya ajabu. Hifadhi kwa chaguo la CSV UTF-8. Barua pepe inayokataliwa ilhali machoni haina kasoro, mara nyingi ina nafasi nyuma yake. Fomula ya TRIM inaiondoa, isipokuwa ile iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti. Hiyo inataka =SUBSTITUTE(D2,CHAR(160),"").

Ujumbe ukisema kosa liko mstari wa 47, angalia 46 na 48 pia. Kuna mifumo inayohesabu mstari wa vichwa na kuna isiyohesabu. Na kama kuna kolamu ya msimamizi, wasimamizi wapakie kwanza, maana mfumo hauwezi kumweka mlinzi chini ya mtu ambaye bado hajaingizwa.

Jaribu na watu watano. Chagua wasumbufu: mwenye ritifaa, mwenye majina manne, asiye na barua pepe, na mapacha kama unao. Kabla ya kupakia wote, zima ujumbe wa kukaribisha ambao mfumo humtumia kila anayesajiliwa. Tuliporudia kazi ya yule dada tulisahau, na saa nne usiku walinzi walioko lindoni wakaanza kumpigia simu wakiuliza neno la siri ni la nini.