Unasoma sheria Iringa au Mbeya? Panga kazi yako kuanzia mwaka wa pili, hatua kwa hatua

Habari zenu wadogo zangu wa LLB, yaani digrii ya kwanza ya sheria. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Mbeya, chemba yetu, yaani ofisi ya mawakili, inapokea vijana wa fildi (mafunzo kwa vitendo) na wahitimu wanaokuja kugongewa mihuri kwenye vyeti, na maswali yao ni yale yale, shida ni kwamba wengi wanakuja kuuliza wakati muda umeshapita. Juzi nimekaa na binti mmoja aliyemaliza chuo tukapanga mambo yake yote mezani, cheti kwa cheti, nikaona haya nikiyaandika yatawafaa na wengine wa RUCU, Chuo Kikuu cha Iringa, Mzumbe kampasi ya Mbeya na kwingineko huku kwetu. Msimamo wangu nausema mapema: kazi ya sheria haikusubiri ufike Dar, inaanza ukiwa mwaka wa pili, kwenye mahakama na ofisi za huku huku nyanda za juu.

Hatua ya 1: Chora njia yako kwenye karatasi

Hii ni fupi. LLB ikiisha wewe bado siyo wakili. Unaenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, sote tunaiita Law School, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, ukifaulu ndipo unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, Baraza la Elimu ya Sheria linayapitia, mambo yakiwa sawa unaapishwa na jina linaingia kwenye daftari la mawakili. Usidhani ukikwepa uwakili umeikwepa Law School, maana matangazo ya Hakimu Mkazi na Wakili wa Serikali yanaitaka, na ya Afisa Sheria mengi pia. Yasome matangazo ya zamani neno kwa neno ujue wanataka nini.

Na msiichukulie poa. Oktoba 2022 yalipotoka matokeo, watu 26 tu kati ya 633 ndio walifaulu moja kwa moja, waliobaki wengine sapu, yaani kurudia mitihani, wengine disko, yaani kuondolewa masomoni, mpaka Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mtu wa Kyela, kuchunguza kulikoni. Watu walibishana sana kosa ni la vyuo au la Law School. Ninachoona mimi kwa vijana wanaopita chemba ni kwamba aliyezoea kushika jalada na kusoma hukumu nzima anahimili kule, aliyekaa na madesa, zile notisi za kurithishana, miaka yote anapata tabu.

Hatua ya 2: Nyoosha majina yako kwenye nyaraka zote

Hapa ndipo watu wanapoteza nafasi, kwa hiyo vumilieni nitaeleza kwa urefu.

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cha form four, cha form six au diploma, kitambulisho au namba ya NIDA, kitambulisho cha chuo, na karatasi za mkopo kama unapata bumu la Bodi ya Mikopo. Andika jina lilivyo kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi, moja chini ya jingine, usiandike kwa kichwa. Utashangaa. Huku kwetu tatizo ni kubwa kwa sababu mtoto anaandikwa Atupele shuleni, kwenye cheti cha kuzaliwa mzee aliandikisha Atupelye kama wanavyotamka nyumbani, NIDA wakaongeza jina la ubatizo, halafu jina la ukoo lenye Mwa mbele huku lina herufi moja pungufu. Nyumbani ni mtu mmoja na kila mtu anamjua, ila kwa afisa anayepitia maombi hao ni watu watatu.

Sasa ukiona tofauti usikimbilie popote kwanza. Amua jina moja ndilo la mwisho, na ushauri wangu ni lile la cheti cha form four, kwa sababu ndilo lililokufikisha form six, ndilo lililokupeleka chuo, na ndilo litakaloandikwa kwenye digrii. Kuvuta cheti cha kuzaliwa na NIDA vifuate cheti cha form four ni kazi inayowezekana, kuvuta vyeti vya mitihani vifuate NIDA ni kupanda mlima. Nimeshaona mtu anarekebisha NIDA huku, na kaka yake anamrekebishia cheti cha kuzaliwa kule kijijini, kila mmoja na tahajia yake, wakajikuta wana tofauti mpya ambayo mwanzo haikuwepo.

Cheti cha kuzaliwa unaanzia ofisi ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, iliyopo kwa mkuu wa wilaya, na ukishapata kilicho sahihi kihakiki kwenye mfumo wa eRITA, maana Bodi ya Mikopo nao huwa wanadai uhakiki huo. NIDA unaenda ofisi ya wilaya ukiwa na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, originali na nakala, na uende mwenyewe, usimtume mtu.

Tofauti ikiwa kubwa, yaani jina zima ni jingine, kiapo peke yake mara nyingi hakitoshi. Hapo inatakiwa hati ya kubadili jina, ile inaitwa didi poli, inaandaliwa na wakili halafu inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo kusajiliwa ndiyo watu wanairuka, wanabaki na karatasi yenye muhuri wa wakili tu wakifika nayo mahali inakataliwa. Ikiwa ni herufi moja tu, kiapo cha kueleza kwamba majina haya mawili ni mtu mmoja kinakubalika baadhi ya sehemu na sehemu nyingine hakikubaliki, kwa hiyo uliza ofisi husika kabla ya kulipa hela. Na dada zangu mnaoolewa mkiwa chuo, hongereni, ila nawaomba msihamishe jina la NIDA kwenda la mume katikati ya safari hii. Subiri uapishwe kwanza, kama utataka kubadili ubadili baadaye kwa utaratibu.

Kingine kwenye hatua hii hii ni nakala zenye muhuri. Nenda kwa wakili na originali, yeye alinganishe kwanza ndipo agonge. Mwombe kwa heshima agonge sehemu nyeupe. Nimeona nakala ya cheti cha form four ambayo muhuri wa bluu umekaa juu ya namba ya mtihani, ikaskaniwa kwa simu kwenye mwanga hafifu, ile namba ikawa doa, na afisa wa ajira anayepitia maombi kule Dodoma hana namna ya kujua hapo paliandikwa nini. Skani steshenari kwenye mashine ya kulaza karatasi, siyo kwa simu. Hapa sibadiliki, programu za simu zinapinda kingo na kufifisha mihuri. Hifadhi kila cheti kama PDF yake yenye jina linaloeleweka, weka nakala moja kwenye barua pepe yako na nyingine kwenye flashi.

Na fahamuni kwamba matangazo ya serikali yanasema wazi hawapokei matokeo ya muda wala zile karatasi za matokeo za form four na form six, wanataka vyeti vyenyewe. Kama chako kimeungua au kimepotea, anza kukifuatilia ukiwa bado chuoni.

Hatua ya 3: Fildi, chagua ofisi ndogo

Vijana wengi wanataka fildi Dar kwenye ofisi zenye lifti. Mimi nasema nenda mahakama ya mwanzo, au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au kitengo cha sheria cha halmashauri, au chemba ya wakili mmoja au wawili. Kwenye ofisi kubwa utafotokopi. Kwenye chemba ndogo wakili ana kesi asubuhi na mteja anamsubiri, atakupa jalada usome maana hana mtu mwingine wa kumpa.

Barua ya utambulisho ya chuo peleka mwenyewe kwa mkono, mapema, miezi kabla ya fildi, ukiwa umevaa vizuri, na umwamkie karani kwa adabu kwa sababu karani ndiye anayejua kila kitu pale ndani. Mahakama ya mwanzo wanaendesha kila kitu kwa Kiswahili, utaona mirathi, ndoa, madai madogo, utaona mama kutoka kijijini anavyojieleza na hakimu anavyoyageuza maneno yake kuwa mwenendo, yaani kumbukumbu rasmi ya kesi. Hilo darasani halipo.

Ukipewa jalada, lisome kuanzia chini kuja juu: hati ya madai, majibu ya mdaiwa, halafu mwenendo siku kwa siku, uone kesi iliahirishwa kwa nini, nani hakuja, amri gani ilitolewa. Jiulize, mimi ningekuwa upande huu ningeomba nini tarehe ile? Usipige picha jalada, kamwe, na usitaje majina ya wateja kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukijulikana una mdomo, katika mji kama Iringa au Mbeya, habari inakutangulia.

Hatua ya 4: Soma hukumu, achana na madesa

TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, hukumu zimepangwa kwa mahakama na kwa mwaka. Fungua Mahakama Kuu masjala ya Mbeya au ya Iringa, soma moja kwa wiki kuanzia neno la kwanza mpaka sahihi ya jaji. Andika kwenye kaunta buku, kwa mkono: nani anamdai nani, kilichobishaniwa, sheria gani, jaji kaamuaje na kwa nini. Najua mna simu na programu za kuandikia, lakini mitihani mtaandika kwa mkono na mkono unatakiwa uzoee.

Kuna mawili ya kuangalia. Sheria zetu zina Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, limeanza kutumika Julai 2025, kwa hiyo ukikuta hukumu inataja toleo la 2019 au la 2002, kagua kifungu kwenye toleo jipya kabla ya kukinukuu. Pili, tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, ila hukumu nyingi utakazosoma ni za Kiingereza, basi jizoeze kuandika hoja ile ile kwa lugha zote mbili. Kijana anayeweza kuandika kiapo cha Kiswahili kilichonyooka ana thamani kubwa sana kwa wakili yeyote wa huku.

Hatua ya 5: Angalia watu wa hapa wanapata wapi hela

Chagua eneo la sheria kwa kuangalia uchumi wa mlipo. Mufindi kuna chai na mbao. Njombe na Rungwe parachichi zinauzwa kwa mikataba na kampuni za nje, na mkulima anasaini karatasi ambayo hakuna aliyemsomea. Chunya kuna dhahabu, kwa hiyo leseni na ugomvi wa ubia. Mbarali ni mpunga, maji na ardhi. Tunduma ni mpaka, malori na forodha, na huko inatumika sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ambayo wanafunzi wengi hata hawajaifungua. Vyama vya ushirika navyo, AMCOS (ushirika wa wakulima wa kuuza mazao) kila kona, vina sheria yake ya 2013.

Siwaambii mjifunge mwaka wa pili. Ila ukichagua moja, ukaandika tafiti yako ya mwisho juu yake, ukaenda kuongea na wakulima au madereva wenyewe, siku ya intavyuu utakuwa na kitu cha kusema zaidi ya kwamba unapenda haki. Kwa maoni yangu mikataba ya parachichi ina nafasi kubwa na mawakili wanaoielewa vizuri bado wachache.

Hatua ya 6: Onekana

Wiki ya Sheria kila mwaka, mwishoni mwa Januari kuelekea mwanzo wa Februari, mahakama wanatoka kutoa elimu kwa wananchi. Nenda, jitolee hata kupanga viti na kuandikisha watu. Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, kina matawi mikoani, na mawakili wa hapa wanajuana kwa sura, ukijulikana kama kijana anayefika mapema watakukumbuka.

Hatua ya 7: Sivii, mfumo wa ajira na hela ya Law School

Sivii (CV, wasifu wako) kurasa mbili, bila picha, bila rangi, fildi iwe juu na ueleze ulifanya nini hasa, mfano uliandaa rasimu ya kiapo au ulitafuta hukumu za kumsaidia wakili. Akaunti ya mfumo wa Sekretarieti ya Ajira fungua mapema uijaze taratibu, usisubiri tangazo. Barua ya maombi isainiwe.

Hela anza kuiwaza sasa, maana Law School ipo Dar na maisha ya kule siyo ya Uyole. Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mikopo kwa wanafunzi wa Law School, fuatilia mwongozo wa mwaka wako unapotoka, na ndiyo sababu nyingine ya kunyoosha majina.

Mwisho ni wadhamini. Matangazo ya serikali yanataka watatu wenye namba za simu zinazopatikana. Mchukue mwalimu aliyekusimamia tafiti, hakimu au wakili uliyefanya kwake fildi, na mtu mmoja anayekujua kitabia. Wapigie kabla hujawaandika, waambie umeomba nafasi gani na lini, watumie sivii yako waisome, maana simu ikiita kutoka Dodoma na mzee wa watu yuko shambani Ilemba anavuna mahindi, anatakiwa ajue anaulizwa kuhusu nani.