Kabla ya kugusa mipangilio ya usalama kwenye NixOS

Seva ya NixOS, mfumo endeshi wa aina ya Linux, yote imeandikwa. Huduma, watumiaji na poti zilizo wazi vimo kwenye faili chache, na ukiendesha amri ya nixos-rebuild mashine inafuata maandishi. Ila maandishi hayo hueleza kinachotakiwa tu, na sababu yake husahaulika upesi.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, pitia kila mstari wa usalama uone kama sababu yake iko karibu nao. Chukua huu wa OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali:

services.openssh.settings.PasswordAuthentication = false;

Aliyeuandika anaujua. Lakini atakayekuja mwaka kesho, amepoteza ufunguo na ana haraka, ataugeuza true "kwa muda", na muda huo hautaisha. Juu yake andika: # Kuingia ni kwa ufunguo tu. Ukipotea, tumia konsoli, usiruhusu nenosiri. Ongeza pia kwamba mstari ukifutwa, nenosiri linakubaliwa tena, maana hiyo ndiyo hali ya kawaida ya moduli. Watu wengi hufuta mistari wakidhani wanasafisha faili.

Poti nazo ziorodheshwe, hata zile ambazo hukuzitaja mwenyewe. Ngome ya mtandao huwa imewashwa tangu mwanzo, lakini ukiwasha OpenSSH, poti 22 inafunguka yenyewe. Anayesoma allowedTCPPorts peke yake hataiona. Na ukikuta mkForce, neno linalolazimisha thamani moja ishinde nyingine, uliza inapindua nini kabla ya kuigusa.

Siri ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Nenosiri la hifadhidata likiandikwa ndani ya usanidi, linanakiliwa kwenye /nix/store, na huko kila mtumiaji wa mashine anaweza kulisoma. Tumia sops-nix au agenix, zana za kutunza siri: faili inakaa kwenye mradi ikiwa imesimbwa, na hufunguliwa mfumo unapowashwa. Kama siri ilishaingia, kufuta mstari hakutoshi, kwa sababu bado imo kwenye historia ya Git, programu inayotunza kila badiliko la faili, na kwenye vizazi vya zamani vya mfumo, yaani matoleo ya usanidi yaliyotangulia. Badilisha nenosiri lenyewe, leo, kisha andika nani anashika ufunguo wa kusimbua. Nyaraka zitaje ufunguo uko wapi, zisiubebe.

Angalia tarehe ya flake.lock. Faili hiyo inashikilia matoleo yaleyale ya programu hadi utakapoendesha nix flake update, kwa hiyo kiraka cha usalama kinaweza kuwa kimetoka zamani na wewe hujakipata. Matoleo ya NixOS hutoka kila Mei na Novemba, na kila moja huhudumiwa kama miezi 7. Usipandishe system.stateVersion ukidhani ndiyo kusasisha. Hiyo inalinda data ya huduma zako.

Wakati wa kujaribu, anza na nixos-rebuild test, maana badiliko halitakuwa chaguo la kuwashia mashine, na ukikwama kuwasha upya kunakurudisha ulikotoka. Acha dirisha la SSH ulilomo likiwa wazi, fungua la pili, uingie kwa ufunguo. Halafu jaribu kuingia kwa nenosiri, uone kweli unakataliwa. Hatua hii ya pili ndiyo watu huiruka.

Mpangilio na maelezo yake viingie kwenye Git pamoja, badiliko moja. Utahitaji hayo siku ya kurudi nyuma: --rollback inarudisha pia programu zenye mianya na poti ulizokuwa umezifunga, kwa hiyo soma kwanza kizazi unachokiendea kilikuwa na nini.