Jinsi ya kutia lesi kwenye shimizi kwa mtindo wa Callot Soeurs

Dada wanne wa Callot walifungua duka Paris mwaka 1895, wakianza na lesi, utepe na nguo za ndani kabla ya kuhamia magauni ya mabibi matajiri. Boué Soeurs, dada wawili wa Paris vilevile, walipenda kuongeza viwaridi vya utepe. Katika kazi bora za aina hii lesi haibandikwi juu ya kitambaa: nyuma yake ni wazi, ngozi inaonekana.

Hatua ya 1. Tafuta melimeli ya pamba na lesi ya pamba yenye kingo mbili zilizonyooka. Ya nailoni iache dukani, pasi ya moto itaiharibu. Loweka vyote, anika, piga pasi. Pamba hurudi, na ikirudi baada ya kushonwa utabaki na mikunjo.

Hatua ya 2. Chora mstari kwa chaki, laza lesi upande wa nje wa kitambaa, shikiza kingo zote mbili kwa mkono. Pini pekee hazitoshi. Penye duara, kama shingoni, tafuta uzi mnene kidogo ulio ukingoni mwa lesi, uvute taratibu. Lesi itajipinda yenyewe bila kukunjwa.

Hatua ya 3. Shona kingo zote mbili kwa mshono mfupi, ukianzia mwisho uleule. Moja ukiishona kwenda na nyingine kurudi, lesi itakwenda upande.

Hatua ya 4. Sasa tu ndipo unakata. Geuza nguo, tenganisha lesi na kitambaa kwa vidole, kisha pasua kitambaa katikati ya mishono miwili kwa mkasi mdogo wa ncha butu. Kunja kila upande mbali na lesi, piga pasi, pitisha zigizaga nyembamba ukingoni kutoka upande wa nje, halafu punguza kinachozidi.

Shimizi ya kwanza ikate kwa kufuata uzi wa kitambaa. Mkato wa mshazari, uliompa sifa Madeleine Vionnet (aliyefanya kazi kwa akina Callot kabla ya kufungua nyumba yake ya mitindo mwaka 1912), hunyumbuka huku lesi hainyumbuki, na ukingo utatuna.

Ukimaliza, piga pasi kwa ndani juu ya taulo ili maua ya lesi yasilale.