Kugundua Mapema Ugonjwa wa Moyo: Vipimo vya Kolesteroli na Nafasi ya Vitamini C

Mishipa ya moyo huweza kuziba taratibu kwa miaka mingi bila maumivu, na kolesteroli iliyozidi kwa kawaida haihisiki. Ndiyo maana anayetaka kuugundua ugonjwa huu mapema hana budi kuanza na kipimo cha damu, si na kidonge cha vitamini C ambacho wengine huamini kwamba huukinga moyo.

Kabla ya kwenda maabara, ulizia nyumbani kama baba au kaka yako aliugua moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, kwa kuwa jibu hilo lina uzito mkubwa kwa daktari. Kisha omba kupimwa kolesteroli yote kwa jumla, LDL (kolesteroli “mbaya” inayochangia kuziba mishipa), HDL (kolesteroli “nzuri”) na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu). LDL ikifika miligramu 190 kwa desilita au kuzidi, huenda tatizo ni la kurithi, na inafaa wazazi, ndugu na watoto wako nao wapimwe. Omba pia kipimo cha Lp(a), chembe ya mafuta inayorithiwa ambayo kiwango chake hubadilika kidogo sana maishani, hivyo kuipima mara moja kwa kawaida hutosha.

Vitamini C ina kazi yake halisi: mwili huitumia kutengeneza kolajeni inayoimarisha kuta za mishipa, na ikikosekana huleta kiseyeye. Kwa sababu hiyo mwanakemia Linus Pauling alishikilia kwamba dozi kubwa zingeukinga moyo. Hata hivyo, utafiti wa Physicians' Health Study II, uliotoa matokeo mwaka 2008 baada ya madaktari wanaume kumeza miligramu 500 kila siku kwa takriban miaka 8, haukuona mshtuko wa moyo wala kiharusi vikipungua. Nawasihi wanaomeza dozi kubwa wamweleze mpimaji, kwani vitamini hiyo inaweza kuvuruga kemikali za baadhi ya vipimo, kolesteroli ikasomeka chini ya ilivyo na mgonjwa akarudi nyumbani ametulia bure.

Pima pia shinikizo la damu na sukari. Daktari akisita kuanzisha dawa, picha ya CT (eksirei ya kompyuta) inayoonyesha kalsiamu iliyoganda katika mishipa ya moyo humsaidia kuamua, ingawa alama ya sifuri, yaani kalsiamu haikuonekana, haiondoi hatari yote. Kifua kikibana unapopanda ngazi na kuachia unapopumzika, muone daktari upesi. Kikibana ukiwa umepumzika, au kisipoachia, nenda hospitali saa hiyo hiyo.